Maji ya Kijani kwenye Dirisha la Dada

Nyumba ya dada yangu iko Songo, mtaa wa Uvira, pale ambapo mlima umeshaanza kupanda, na dirisha lake moja tu ndilo linaloangalia ziwa. Jua linatoka upande wa Burundi, linavuka maji na kuingia moja kwa moja ndani ya chumba. Saa za mchana mlima unalikata mapema na dirisha linabaki kivulini, huku barabara ya chini bado inaungua. Kwa mtu ni dirisha la kawaida. Kwa mwani ni kama fundi aliliweka kwa makusudi.

Sikuwa nimewahi kufikiria mwani kabla ya mwaka ule. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo nililofundishwa na mtafiti mmoja, lakini sisi hatukuwa na jina lake. Tulisema tu maji yamekuwa ya kijani, kisha tukaenda kuchota mahali pengine.

Nilimaliza sekondari hapa Uvira, kitengo cha biokimia, katika shule isiyokuwa na darubini. Mwalimu wetu alichora seli ubaoni kwa chaki, mviringo mkubwa wenye mviringo mdogo ndani yake, na sisi tukakariri sehemu zake kwa Kifaransa kama watoto wa katekisimu. Nilikariri vizuri, nikapata diploma, na nikaondoka. Nilikaa Kigoma, nikakaa Bujumbura, nikashuka Kalemie, nikafika hadi Lubumbashi na kurudi tena Kalemie. Nimepakia mifuko ya saruji, nimeuza simu, nimelinda ghala la watu. Kila mahali nilipofika nilikuwa nakumbuka Uvira, na kila nilipokuwa Uvira miguu yangu ilikuwa inawasha.

Wakati mmoja kati ya safari hizo, nikiwa Kalemie, mtoto wa dada yangu alikufa kwa kolera, ile ambayo vitabu vinaiita kipindupindu. Alikuwa mvulana, hajaanza shule. Habari zilinifikia wakiwa wameshazika. Nilipiga simu, nikasema maneno ambayo watu husema, dada akajibu maneno ambayo watu hujibu. Nilirudi nyumbani muda mrefu baadaye, na yeye alikuwa ameshaanza kazi yake ya ziwani.

Kazi hiyo watu wa Uvira wanaijua. Mabomba yakikauka, na yanakauka mara nyingi, mji mzima unashuka kuchota ziwani. Pale ufukweni anasimama mtu wa kujitolea mwenye ndoo ya klorini na bomba la sindano lisilo na ncha. Unafika na bidoni yako, yaani dumu la plastiki, imejaa, unafungua kifuniko, anakutilia dawa kulingana na ukubwa wa bidoni, unafunga, unatikisa, unapanda nayo kilima. Dada yangu alisimama pale kila asubuhi. Mikono yake ilikuwa inanuka klorini hata siku ya Jumapili kanisani. Mimi na yeye tulizungumza mambo yote ya dunia isipokuwa yule mtoto.

Mtafiti alikuja kipindi hicho. Alikuwa binti wa Katogota, kule tambarare ya Ruzizi. Wazazi wake walikimbia naye akiwa mdogo na akakulia nchi za mbali. Sasa alikuwa anaandaa udaktari wa sayansi, na alihitaji mtu anayejua njia za tambarare, anayeweza kubeba chupa za vioo bila kuzivunja. Watu wakamwambia yupo mmoja ambaye hajakaa mahali, huyo njia zote anazijua. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Aliniita tonton, yaani mjomba, tangu siku ya kwanza.

"Minye siko tonton yako," nilimwambia. "Hata mvi sina."

"Iko moja, nyuma ya sikio," akasema. "Minye nimeiona. Twende, tonton."

Tulizunguka tambarare kwa pikipiki, yeye nyuma na sanduku la chupa katikati yetu. Hakuwa anatafuta maji safi. Alitaka madimbwi, mifereji ya mpunga, mahali ng'ombe wanapokunywa, na hasa mashimo yaliyoachwa na wafyatua matofali, ambayo mvua imeyajaza na jua likayapika mpaka yakawa ya kijani kama majani ya mihogo yaliyotwangwa. Karibu na Katogota kulikuwa na mashimo ya aina hiyo, na mwenye shamba, mzee mwenye kofia ya pamba, alitusimamia akitutazama.

"Wageni walikuja hapa zamani, wanatafuta dhahabu," akasema. "Weye mutoto wa hapa hapa, umetoka mbali yote hiyo kuja kuchota uchafu?"

"Dhahabu haijui kuogelea, baba," mtafiti akamjibu. "Hii inajua."

"Inaogelea?"

"Inaogelea, na inaona mwanga."

Mzee akainama juu ya shimo. "Kama inaona, iambie inichungie hapa. Ng'ombe za jirani zinakunywa bila kuniomba."

Tulicheka wote, lakini mtafiti hakuwa anatania. Jioni ile, katika chumba alichopanga mtaa wa Nyamianda, alimimina maji yale ndani ya chupa, akaifunika yote kwa karatasi nyeusi na kuacha upenyo mwembamba upande mmoja. Tulikunywa chai. Alipoitoa karatasi, kijani chote kilikuwa kimehama. Kilikuwa kimejipanga kama mstari wa kalamu pale pale palipokuwa na upenyo, na maji mengine yalikuwa meupe.

Kisha akaniwekea tone moja chini ya darubini yake ndogo. Niliinama, nikafumba jicho moja, nikaona. Vilikuwa viduara vya kijani vinavyokimbia, kila kimoja na mikia miwili mbele kama mikono ya mwogeleaji, na ubavuni kila kimoja kina nukta nyekundu. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, na hiyo ndiyo ilikuwa seli ya kwanza kuiona kwa macho yangu. Niliwakumbuka wale tuliokaa nao dawati moja, na ule mviringo wa chaki, nikaona uchungu kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa chumbani pale kuinama zamu yake.

Aliniambia karibu na nukta ile nyekundu kuna protini inayohisi mwanga. Mwanga ukiigusa inabadilisha umbo, na kubadilika huko ni ujumbe: mikia inajua igeukie wapi. Watafiti wamejifunza kuchukua maagizo ya kutengeneza protini kama hizo na kuyaweka ndani ya seli nyingine, za moyo, za ubongo, za utumbo. Seli ambayo haikuwahi kuhisi mwanga inaanza kuhisi. Unaiwashia taa, ujumbe unaanza kutembea ndani yake. Unazima, ujumbe unakatika. Kuna protini zinazofungua tundu kwenye ngozi ya seli, alisema, na kuna nyingine ambazo hazifungui chochote, zinatengeneza tu, ndani kwa ndani, kile kitu kidogo kinachobeba ujumbe. Hizi za pili ndizo alizokuwa anazitafuta.

"Kwa sababu gani hizo?" nikamwuliza.

"Kwa sababu ya kolera," akasema.

Akaendelea, hakujua habari za mtoto wa dada. Alieleza kwamba kolera haichani utumbo wala haiutoboi. Sumu yake inaingia ndani ya seli, inakwenda mahali panapotengenezwa ule ujumbe mdogo, na kupakwamisha katika hali ya kuwaka, pasizime tena. Seli inaambiwa toa maji, toa maji, na hakuna wa kuiambia basi. Inatii mpaka mtu anakauka. Yeye alitaka kuushika ujumbe ule ule kwa mkono wake: auwashe kwa mwanga, auzime kwa giza, afuate unapita wapi ndani ya seli za utumbo alizozikuza maabara, mpaka apate mahali pa kuukata. Zilikuwepo protini za kuitika mwanga wa buluu, lakini mwanga wa buluu hauendi ndani na unachosha seli. Mwekundu ndio unaopita nyama. Aliwasha tochi ya simu yake, akaibana kwa kidole, kidole kikawaka chekundu kama kaa la moto, kama tulivyofanya sote utotoni.

"Unaona? Rangi nyingine zote zimebaki humo ndani. Nyekundu peke yake ndiyo imetoka."

Kwa hiyo alikuwa anatafuta mwani unaofuata mwanga mwekundu. Karibu mwani wote tuliochota uliikalia taa yake nyekundu bila habari, kama vile hakuna kitu. Maji ya shimo moja tu, la yule mzee wa Katogota, ndiyo yaliyosogea. Polepole, lakini yalisogea. Aliyajaribu tena, akayajaribu tena, akakaa chini sakafuni, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Aliniambia kwamba kama protini ile ndiyo aliyodhani, kazi ya miaka yake yote ilikuwa ndani ya chupa tatu za maji yale.

Wakati wake wa kukaa nchini uliisha kabla ruhusa ya kutoa viumbe hai nje haijafika kutoka Kinshasa. Angeweza kubeba tone lililokaushwa, lakini bila mwani wenyewe kuwa hai asingejua ni protini ipi kati ya nyingi inayoitika. Basi akaziacha chupa kwangu. Alikuwa ameshakula kwa dada mara nyingi, ugali na ndagala, yaani dagaa, na alikuwa ameliona lile dirisha.

"Zitikise asubuhi. Uzifunge kwa pamba, zipate hewa. Kila juma uongeze tone la chakula chao kutoka kichupa hiki. Zikififia, unipigie. Ruhusa ikitoka, ninakuja mwenyewe kuzichukua. Tonton, minye siko na nyingine."

"Nimesikia."

"Hautaondoka?"

"Sitaondoka."

Sikuondoka. Ni jambo la ajabu kulisema, lakini chupa tatu za maji zilinifunga mahali ambapo kazi na wanawake na hata mama yangu mzazi walishindwa kunifunga. Niliamka, nikazitikisa, nikatazama kijani kikipanda na kushuka na jua. Dada alikuwa ananicheka kutoka mlangoni.

"Weye, wanawake wote wa ziwa hii walishindwa. Leo umeolewa na maji ya shimo."

"Hii haigombani."

"Ngoja ikuzalie. Utaona kama haigombani."

Waliopita waliniuliza, na mimi niliwaeleza wote. Nilimweleza fundi wa pikipiki. Niliwaeleza wanajeshi wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, waliozikagua chupa siku nilipozileta, mpaka mmoja akanisihi ninyamaze na kupita. Nilikuwa na fahari ya mtu aliyemaliza biokimia bila kuona seli na sasa ana seli zake. Dada hakuniuliza. Kwetu hatuulizi sana habari za kitu cha mgeni kilichowekwa nyumbani. Kinafutwa vumbi, kinangoja mwenyewe. Na mimi, ambaye nilimweleza kila mtu, yeye sikumweleza, kwa sababu maelezo yale yalianzia kwenye neno ambalo nilikuwa nalizunguka ndani ya nyumba yake tangu niliporudi. Niliona ni heshima. Nilijiambia siku moja, chupa zikishachukuliwa, nitamkalisha na kumwambia zilikuwa za nini.

Kisha vita vilivyokuwa vinasikika kwa mbali vikashuka tambarare. Mpaka ukafungwa, mtandao ukaanza kukatika, na watu wakaja Uvira kwa miguu na magodoro vichwani. Mke wa binamu yetu alitufikia na watoto wake, tukalala tumebanana mpaka jikoni. Mabomba yalinyamaza kabisa. Watu waliojaa mjini wote walikwenda ziwani, kuchota na kuoga na kufua na mengine, mahali pamoja, na kolera ikaja kama inavyokuja kila mara. Dada alikuwa anatoka kabla hakujapambazuka vizuri na kurudi sauti imemkauka.

Asubuhi ile mimi nilikwenda Nyamianda kutafuta unga. Nilizunguka sana, nikapata kidogo, nikarudi jua likiwa limeshaanza kuondoka dirishani. Nilipoingia mlangoni niliisikia harufu. Hakuna mtu wa Uvira asiyeijua harufu hiyo.

"Iko nini inanukia hapa ndani?"

"Klore," dada akasema. Alikuwa anamenya vitunguu, hakuinua hata kichwa. "Nimeweka ku chupa zako. Huyu mutoto mudogo alipanda ku kiti, alishatoa pamba, chupa iko mudomoni. Nilimupiga, halafu nikaweka dawa."

Niliuweka unga chini. Chupa zilikuwa pale pale, zimepangwa vizuri, pamba zimerudishwa. Kijani bado kilikuwepo. Nilinyanyua moja na kuinusa.

"Uliweka nyingi?"

"Kwa maji chafu namna hiyo? Niliongeza. Bidoni ya namna hiyo ningeirudisha." Akanitazama sasa. "Sikuimwaga. Wengine wangemwaga. Minye nilijua unaipenda, nikasema niitengeneze tu, ibaki ku dirisha, mutoto akikunywa asife."

"Ilikuwa hai, dada."

"Nini ilikuwa hai?"

"Ile kijani."

Alianza kucheka, akidhani ninamlipizia mizaha yake, kisha akaona uso wangu na kicheko kikaishia njiani. Mke wa binamu aliwaita watoto nje.

Nilichuja maji yale kwa kitambaa, nikasuuza kile kijani kwa maji ya mvua, nikakirudisha kwenye maji mapya na tone la chakula chake. Nilitikisa. Nilifunika chupa kwa karatasi nyeusi na kuacha upenyo kama nilivyomwona mtafiti akifanya, nikangoja. Hakuna kilichohama. Siku zilizofuata kijani kiligeuka njano, njano ikageuka rangi ya uji uliopoa, na yote ikashuka chini ya chupa ikalala. Dada alipita mara nyingi karibu na dirisha bila kusema neno. Mimi nilikuwa najilaumu kwa jambo dogo ambalo mtu yeyote angelifikiria: kwamba chupa moja ningeweza kuipeleka kwa rafiki Nyamianda, ikae mbali na nyingine. Niliwahi kuwaza hivyo. Niliziacha zote tatu pamoja kwa sababu zilipendeza zikiwa pamoja.

Mtandao uliporudi, simu ya mtafiti ilikuwa kati ya simu za kwanza kuingia. Tulikuwa tumekaa barazani. Nilijua ni yeye kwa namba ndefu, nikaishika simu inalia, nikishindwa kuifungua. Dada akainyakua mkononi mwangu na kuiwekea sauti ya nje.

"Tonton! Uko muzima? Chupa ziko aje?"

"Siyo tonton, ni minye, mama wa Songo. Tuko wazima, mwanangu. Sikiliza. Maji yako imekufa. Niliiua minye. Siyo huyu, huyu aliichunga kama yai."

Tulisikia magari ya nchi ile nyingine yakipita.

"Ilikufa yote, mama?"

"Yote. Niliweka klore. Minye ndiye ninawekaka klore ku ziwa. Kulikuwa na watoto hapa ndani, mumoja alitaka kuikunywa."

"Watoto wako wazima?"

"Wazima wote."

"Basi ulifanya vizuri, mama." Alilisema kama mtu anayesoma maandishi ya mwingine. Kisha sauti ikampungua. "Ni vile tu... ilikuwa kwa ajili ya kolera."

"Nini?"

"Ile maji. Kuna kitu ndani yake nilitaka kinisaidie kujua kolera inafanya nini ndani ya tumbo ya muntu, ili tujue namna ya kuizuia. Ndiyo kazi yangu. Tonton hakukuambia?"

Dada akanigeukia. Aliniangalia. Nimewahi kutazamwa na watu wengi walioniona ninaondoka, lakini hakuna aliyenitazama hivyo. Alimuaga binti yule kwa upole, akamwambia awasalimie wazazi wake, akanirudishia simu.

"Miezi yote," akasema. "Ilikuwa ku dirisha yangu miezi yote. Minye ninafuta vumbi chini yake. Na haukuniambia ni ya nini."

"Niliogopa kutaja kolera mbele yako."

"Mbele yangu minye?" Akasimama. "Minye ninaitaja kila asubuhi. Nasimama pale ku ziwa, wamama wanapita, ninawaambia kolera, kolera, fungua nikuwekee, kolera. Sauti imekauka juu ya kuitaja. Nani haitaji? Ni weye. Tangu urudi, haujataja hata jina ya mutoto wangu. Nilifikiri ulimusahau."

Kama ningelisema neno lile, hata mara moja tu, tukiwa tunakula, angezilinda chupa zile kuliko mimi. Angezipandisha juu ya kabati mahali ambapo hakuna mtoto angefika. Angempiga kofi mtu yeyote aliyezikaribia na klorini. Nilitaka kumkinga na jambo ambalo yeye alikuwa analibeba mikononi waziwazi mbele ya mji mzima, na kwa kumkinga hivyo nilimwacha peke yake nalo, kama nilivyomwacha mara ya kwanza nikiwa Kalemie.

Njia ya tambarare ilipofunguka nilikwenda Katogota. Yule mzee hakuwepo, na hakuna aliyejua amekimbilia upande gani. Mvua zilikuwa zimeyaunganisha mashimo yote na maji ya mto, kahawia kutoka huku mpaka kule, na sikuweza hata kujua lile letu lilikuwa wapi. Nilichota hapa, nikachota pale. Nilirudi tena kiangazi kilipoanza na madimbwi kujitenga, nikachota nilichoweza, nikakiwekea taa nyekundu niliyoachiwa na mtafiti. Kijani kilikuwepo, cha namna nyingi. Hakuna kilichosogea. Nilimwandikia mtafiti hivyo, akajibu kwamba amekwishaiacha sehemu ile ya kazi. Muda wake wa maabara ulikuwa na mwisho. Anatumia protini iliyopatikana na watafiti wengine, ya mwanga wa buluu, kwenye seli zilizotandazwa tabaka moja jembamba, na anaona anachoweza kuona. Hakuna lawama katika maneno yake. Ningependa iwepo kidogo.

Ninajua kwamba huenda chupa zile zisingefika popote. Alinionya mwenyewe mwanzoni, kwamba vitu hivi vinachukua miaka na vingi vinaishia njiani. Lakini vilikuwa hai, vilikuwa vyetu, vilitoka katika udongo wa tambarare yetu, na viliitika kitu ambacho vingine havikuitika. Kila nikipita mahali maji yamesimama na kuwa kijani ninasimama nitazame, na watu wananiona mgonjwa.

Asubuhi moja, kabla sijaanza tena kufikiria meli ya Kalemie, nilishuka na dada ziwani. Sikuwa nimewahi kwenda naye kazini. Nilibeba ndoo ya klorini, naye akabeba kiti. Wanawake walikuwa wameshapanga mstari wa bidoni za njano.

"Leo umekuja na bwana?" mmoja akamtania.

"Huyu ni kaka yangu. Bwana angejua kubeba ndoo."

Nilisimama pembeni yake nikimpokelea vifuniko. Alikuwa anavuta dawa kwenye bomba, anasukuma, anasogea bidoni nyingine. Nilingoja nafasi, nikaona nafasi haitakuja yenyewe, nikalitaja jina la mtoto wake. Nikamwambia anieleze siku ile.

Hakuacha kazi. Alivuta dawa, akaweka.

"Alikuwa anacheza vizuri asubuhi," akasema. "Saa sita akaanza. Nilifikiri ni mangoro mubichi alikula ku muti ya jirani." Akasogea. "Fungua, mama. Halafu macho ikaanza kuingia ndani. Hakulia, huyu. Wengine wanalia."

Mwanamke mwenye bidoni alikuwa anasikiliza. Wa nyuma yake pia.

"Alikuwa anaomba maji tu," dada akasema. "Kila nikimupa, anaomba ingine. Minye ninachota ku bidoni ya ziwa, haina dawa, ninamupa. Niliitazama ile maji ku kikombe, kaka. Ilikuwa mweupe, unaona mpaka chini."

Akalijaza bomba tena na kumgeukia wa pili.

"Fungua," akamwambia.